Mwili Mmoja, Kadi Tatu

Mwaka 2016, katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo linauma na kujaa maji, mgonjwa anatapika hadi anaishiwa nguvu. Uchunguzi ulipokamilika, chanzo kilikutwa ndani ya nyumba: mahindi waliyoyalima wenyewe, yakaota kuvu, na kuvu ile ikaacha sumu ambayo maofisa kilimo huiita sumukuvu. Wagonjwa 68 walihesabiwa. Kati yao, 20 walifariki.

Habari hiyo ilichukuliwa kama ya vijijini, ikasahaulika upesi mjini. Lakini chakula cha mjini hutoka hukohuko. Kizota, kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma kuelekea barabara ya Singida, ni mahali pa nafaka. Hapo ndipo yalipo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na pembeni yake kuna viwanda, karakana na mashine za kusaga. Wafuatiliaji wa siasa wanaikumbuka Kizota kwa ukumbi ambamo CCM ilifanya mkutano wake mkuu mwaka 2012. Wakazi wake wanaijua kwa malori ya mahindi na vumbi la kiangazi. Gunia linalopita kwenye maabara ya serikali hupimwa. Debe ambalo shangazi amelituma kwa basi kutoka kijijini halipimwi na mtu.

Sumukuvu peke yake huharibu ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo huharibu ini, polepole, kwa miaka ishirini au thelathini, bila maumivu ya kumfanya mtu aende hospitali. Viwili hivyo vikikutana katika mwili mmoja, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Shirika la Afya Duniani linasema uwezo wa sumukuvu kuleta saratani ya ini unaweza kuwa hadi mara 30 zaidi kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya B. Chanjo dhidi ya virusi hivyo iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002. Kijana wa miaka thelathini anayepakua magunia leo hakuipata utotoni, wala mama anayepepeta mahindi ya kusaga.

Angalia jinsi mambo yalivyosukwa hapo. Kuna chakula, kuna ugonjwa wa kuambukiza, kuna saratani isiyoambukiza. Serikalini hayo ni mafaili ya idara tatu, mojawapo ikiwa katika wizara nyingine kabisa. Katika ini la mtu mmoja, ni jambo moja.

Kwa muda mrefu maradhi yaligawanywa kwa mifuko ya watu. Malaria, kifua kikuu na kuhara vilihesabiwa kuwa vya maskini. Presha na sukari vikawa vya wenye vitambi na magari. Mgawanyo huo ulikuwa na ukweli wake. Utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989 baada ya kupima watu katika vijiji kadhaa vya Tanzania, ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika kila mia. Ulipofanyika upimaji wa kitaifa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, waliokutwa na sukari ya juu walikuwa asilimia 9.1, na wenye presha asilimia 26. Tafiti hizo hazikufanana kwa namna ya kuchagua watu, hivyo mtu asizilinganishe kwa rula. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi: mmoja katika kila watu wazima wanne ana presha, na wengi wao hawajawahi kumiliki gari.

Dodoma imeyapokea mabadiliko hayo kwa kasi ambayo miji michache imeipata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Katikati yake kulikuwa na tangazo la Julai 2016 la Rais John Magufuli kwamba serikali inahamia Dodoma kwa vitendo. Kata za pembezoni zikajaa nyumba za kupanga. Mtu aliyekuwa akitembea kwenda shamba la uwele sasa anakaa juu ya bodaboda kutwa nzima. Ugali wa uwele na mlenda umepisha sembe iliyokobolewa, chipsi na soda. Hayo yameingia bila kifua kikuu kuondoka, bila VVU kuondoka. Ugonjwa mpya umekuja kukaa chumba kimoja na wa zamani.

Na anayeugua sukari si lazima awe mnene. Hili linawapoteza hata baadhi ya wahudumu. Kanda ya kati ni nchi ya ukame na njaa za kurudiarudia, na kitaifa utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kongosho la mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mama yake na katika miaka ya mwanzo linaweza kukua likiwa dhaifu, na udhaifu huo ukajitokeza akiwa mtu mzima, mwembamba, anayekojoa usiku kucha bila kuelewa kwa nini. Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuutambua rasmi ugonjwa wa sukari unaotokana na utapiamlo na kuuita aina ya tano. Kwa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, ambao simulizi zao bado zinaitaja njaa kuu ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, njaa na sukari vinaweza kuwa sura mbili za historia moja.

Kifua kikuu, yaani TB, ndicho kinachoonyesha wazi zaidi jinsi maradhi yanavyopeana mkono. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, askari wa mwili hulegea, na vijidudu vya TB vilivyolala kwenye mapafu huamka. Mtu mwenye kisukari anakadiriwa kuwa na hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu ya asiye nacho. Huko Mwanza, watafiti waliwapima wagonjwa wa TB ya mapafu na kuwalinganisha na majirani zao wasio na TB. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 9.4 ya majirani. Kwa hesabu hiyo, katika kila wagonjwa sita wa TB wa mji ule, mmoja alikuwa anahitaji pia kliniki ya sukari. Nayo TB hurudisha: homa na uvimbe wa ndani hupandisha sukari, ikawa vigumu kuishusha mpaka mapafu yatulie.

Nchi hii ina haki ya kujivunia katika suala la TB. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyewahi kuugua TB akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi, aliufanya kuwa darasa la dunia. Hapa ndipo ilipothibitishwa kwamba nchi maskini inaweza kumponya mgonjwa wa TB ikiwa dawa hazikatiki, mgonjwa anaonekana akimeza, na kila jina linaandikwa kwenye rejesta na kufuatiliwa hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani lilichukua mtindo huo katika miaka ya 1990 na kuusambaza kila bara. Makadirio ya shirika hilo yanaonyesha wagonjwa wapya Tanzania wameshuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 183 mwaka 2023.

Ila mtindo wa Styblo ulijengwa kumfuata mtu mwenye ugonjwa mmoja wenye mwanzo na mwisho. Miezi sita, makohozi safi, jina linafungwa. Kinachobaki nyuma hakina rejesta. Wapo watu waliopona TB kabisa, hawana kijidudu hata kimoja, lakini makovu kwenye mapafu yamewaachia pumzi fupi ya maisha. Akipanda ngazi anasimama njiani. Akikohoa, anapewa tena kikopo cha makohozi, majibu yanatoka safi, anarudishwa nyumbani. Weka juu ya hayo vumbi la Dodoma la kuanzia Julai hadi Oktoba na moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha, utapata mgonjwa wa kudumu asiye na kliniki yake.

Tuchukue mfano, mtu wa kubuni, ingawa wahudumu wengi watamtambua. Mama wa miaka 54 anaishi Kizota, anauza mboga. Ana VVU kwa miaka kumi na mitano na dawa zake anazimeza bila kukosa. Mwaka jana aligundulika na sukari. Mwaka huu amekohoa wiki tatu na amekutwa na TB. Presha yake iko juu, hilo aliambiwa mara moja akiwa anapimwa kwa jambo lingine. Mama huyu ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ana kadi ya TB, ana daftari la sukari. Kila moja ina tarehe yake, foleni yake, na mhudumu wake anayeona kipande chake.

Sasa dawa. Rifampisini, nguzo ya tiba ya TB, hulifanya ini lisage dawa nyingine kwa haraka. Dolutegravia iliyo ndani ya kidonge chake cha VVU hupungua nguvu, kwa hiyo wakati wa TB anatakiwa kumeza dozi ya ziada ya dolutegravia kila siku. Glibenklamidi ya sukari nayo husagwa upesi, na sukari inapanda bila sababu inayoonekana. Metformini, dawa nyingine ya sukari, hufanya kinyume: dolutegravia huifanya ijikusanye kwenye damu, ndiyo maana miongozo inataka isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi miguuni. Kisukari huleta ganzi ileile. VVU pia. Mama huyu akisema nyayo zinawaka moto, ni kliniki ipi itajibu? Akipewa vitamini B6 na kupimwa sukari siku hiyohiyo, huenda mguu ukasalimika. Akiambiwa arudi siku ya kliniki nyingine, huenda kidonda kikamtangulia.

Hakuna katika hayo jambo linalohitaji mashine ya gharama. Yanahitaji mtu mmoja aone dawa zote mezani.

Yanahitaji pia uamuzi wa fedha, na hapa ndipo penye uchungu. Dawa za VVU na za TB mgonjwa hazinunui. Hilo ni tunda la mapambano ya watu wanaoishi na VVU, la serikali, la Mfuko wa Dunia na la fedha za Marekani. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha mavuno yake: kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 walijua hali yao. Kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Nchi nyingi tajiri zingefurahi kupata tarakimu za mwisho kama hizo.

Zilinganishe na presha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji cha Wilaya ya Hai, ulikuta kwamba kati ya wenye presha, waliojua kuwa wanayo hawakufika asilimia 20. Waliokuwa wakitibiwa walikuwa kama asilimia 10. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mtu mmoja katika mia. Hali imeboreka tangu wakati huo, lakini pengo kati ya ugonjwa wenye mfadhili na ugonjwa usio na mfadhili lipo wazi kwa yeyote anayeketi kwenye benchi la kituo cha afya. Watafiti wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, waliopima zaidi ya watu 17,000 kati ya 2018 na 2019, waliona jambo hilohilo: VVU ilikuwa imeshikwa vizuri, presha na sukari zikiwa zimeachwa kuranda.

Kwa hiyo mama wa mfano wetu anaokolewa na VVU kwa kidonge cha bure, kisha anaanguka kwa kiharusi kwa kukosa kidonge cha presha ambacho ni cha bei ndogo kuliko mafuta ya taa ya wiki. Sera ya msamaha wa malipo inawataja wazee wasiojiweza na baadhi ya wenye maradhi ya kudumu. Msamaha, hata hivyo, hufaa pale tu dawa zinapokuwepo dirishani. Zikikosekana, mgonjwa anaandikiwa karatasi ya kwenda kununua, ananunua vidonge kumi, anajisikia vizuri, anaacha. Presha haiumi. Ndiyo maana haina anayeilalamikia mpaka upande mmoja wa mwili ukatae kuinuka.

Njia ya kuunganisha huduma imeshajaribiwa hapa nchini, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haijulikani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ikishirikiana na watafiti wa Uganda na Uingereza, iliendesha jaribio lililoitwa INTE-AFRICA katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda. Katika baadhi ya vituo wagonjwa waliendelea na kliniki zao tofauti. Katika vingine, wenye VVU, wenye sukari na wenye presha walikaa benchi moja, wakaonwa na wahudumu walewale, wakachukua dawa dirisha moja. Hofu ilikuwa kubwa. Je, wenye presha watakubali kukaa kliniki inayojulikana kuwa ya VVU? Je, huduma ya VVU iliyojengwa kwa miaka ishirini haitayumba?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet. Wagonjwa wa sukari na presha waliobaki kwenye huduma walikuwa takriban tisa katika kila kumi, na wenye VVU waliofubaza virusi walikuwa asilimia 97, sawa na wenzao wa kliniki za kutengana. Benchi moja halikumdhuru mtu. Uchambuzi wa gharama uliotangulia jaribio hilo nao ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye maradhi zaidi ya moja hugharimu kidogo akihudumiwa pamoja kuliko akizungushwa. Tena kuna faida ambayo haipimwi kwa damu: kliniki inapokuwa ya kila mtu, aliyekaa pale hafahamiki amekuja kwa lipi.

Lipo sharti moja ambalo makala haya yanaliona kuwa kubwa kuliko yote. Benchi likiunganishwa na kabati la dawa likabaki tupu upande wa presha na sukari, huo utakuwa ni upangaji wa viti. Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyo ya Kuambukiza ulizinduliwa mwaka 2019. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa Dodoma Novemba 2023. Vyote viwili vitapimwa Kizota kwa swali moja: metformini ya sukari na amlodipini ya presha zipo leo, na zitakuwepo mwezi ujao?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliagiza misaada ya Marekani kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90. Kliniki za VVU barani Afrika zikatikisika ndani ya siku chache tu. Tukio lile lilipaswa kumaliza ubishi. Ugonjwa uliobebwa na mfadhili mmoja unaweza kuangushwa kwa saini moja, na mwenye magonjwa matatu huanguka mara tatu. Fedha za ndani, hata zikiwa chache, zikielekezwa kwa mgonjwa badala ya kuelekezwa kwa jina la ugonjwa, zitakwenda mbali zaidi.

Kuna mzigo mwingine usioandikwa kwenye kadi yoyote. Kubeba maradhi matatu huchosha akili. Mtu hupoteza usingizi, hukata tamaa, huacha dawa zote kwa pamoja. Dodoma ni nyumbani kwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, na wakazi wengi bado wanalitaja jina hilo kwa kunong'ona, kana kwamba msongo wa mawazo ni aibu ya ukoo. Mhudumu wa CTC anayemuuliza mgonjwa "unalala vizuri?" na akasubiri jibu, anatibu virusi pia, kwa sababu asiyelala kwa huzuni ndiye anayekosa tarehe.

Bajeti ya halmashauri hupangwa kila mwaka, na kamati za usimamizi wa vituo vya kutolea huduma zina wawakilishi wa wananchi. Diwani na wajumbe hao waulizwe kwenye mikutano ya mitaa ni siku ngapi dirisha la dawa lilikosa dawa za presha na sukari mwaka uliopita, na majibu yabandikwe ukutani.

Na msomaji usisubiri bajeti. Ukienda kuchukua dawa yoyote, ya TB, ya VVU au ya sukari, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata za kienyeji na za duka la dawa, mwonyeshe mhudumu. Omba upimwe presha kabla hujatoka. Kama ulizaliwa kabla ya 2002, omba pia kipimo cha homa ya ini B. Ukikutwa huna, ulizia chanjo. Ukikutwa nayo, hudhuria kliniki hata kama husikii maumivu. Mahindi na karanga za nyumbani zianikwe juu ya turubai, zichambuliwe, na zile zilizobadilika rangi zitupwe mbali na kuku na ng'ombe.

Vituo vikigundua kwamba kila anayekuja anauliza maswali hayohayo, vitalazimika kujipanga kuyajibu. Ulizeni.